Mgonjwa wa Kulipwa

Kazi yangu ni kulala. Nalala kitandani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na wauguzi wananifanyia mazoezi. Leo nina pumu, kesho nimevunjika nyonga, keshokutwa sukari imepanda. Nimeshakufa mara mbili kwa sababu ya wasichana waliochelewa kuniwekea oksijeni. Mwalimu Tessy akapiga makofi, nikafufuka, tukanywa chai.

Kituo chetu cha mafunzo kiko ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, katika mji mdogo upande wa Kottayam, kusini mwa India. Huku kwetu kila nyumba ina muuguzi aliyeko nje au anayejiandaa kwenda nje. Mimi niliishia darasa la saba nikaenda kugema miti ya mpira na baba yangu, na nikagema miaka ishirini na minane mpaka mgongo ukavunjika. Baadaye nikasikia Mwalimu Tessy anatafuta mwanamume wa kulala kitandani ambaye hatacheka akipapaswa. Nikaenda kumwambia mimi si mtu wa kucheka. Akanitekenya mbavu pale pale, nikamtazama tu. Nikapata kazi.

Tessy alifanya kazi Ireland miaka sita, akarudi kumuuguza mama yake. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, lakini kazini yeye ndiye mkubwa na mimi sina shida na hilo. Kila asubuhi kabla ya somo anasimama mbele ya ubao na simu yake na kusoma habari za kazi: nchi gani imefungua mlango, nani kafunga, nani kaongeza masharti. Mimi nasikiliza nikiwa kitandani, shuka hadi kifuani.

"Hospitali moja ya Ghuba, kule Uarabuni, inataka wauguzi wa figo," anasema. "Miaka miwili, wodi hiyo hiyo. Ukiandika umefanya wodi zote, wao wanaona hukufanya hata moja."

"Lakini mwalimu, sisi kweli tunafanya wodi zote," mmoja analalamika.

"Najua. Andika ile uliyokaa muda mrefu, na barua ya mwajiri iseme hivyo hivyo. Na usidanganye. Siku hizi wanapiga simu."

Mwezi wa sita, mvua zikiwa zimeanza, alisoma habari iliyowafanya wote waache kunong'ona. Hospitali moja ya Ireland inatuma watu wake wenyewe. Watafika baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi, wasaili kwa vitendo, wachukue watano. Wawe na uzoefu, na wasiwe wametimiza miaka arobaini.

Siku ya pili yake akaja Sista Reeja.

Nilimjua alipovuka mlango. Mwanamke mfupi, nywele zimebanwa nyuma, mkononi mfuko wa nailoni wenye sare, maana alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume katika hospitali ndogo ya kule mlimani. Miaka minne iliyopita nililala katika wodi hiyo wiki tano. Yeye alinitazama jinsi unavyotazama godoro.

"Una miaka mingapi, dada?" Tessy akamuuliza.

"Thelathini na tisa na miezi kumi."

"Basi hii ni ya mwisho."

"Ndiyo maana nimekuja, mwalimu."

Msichana mmoja aitwaye Anu akaruka kutoka kwenye benchi. "Sista Reeja, hata wewe unataka kutukimbia?"

"Nimkimbie nani? Ninyi mmeshakwenda wote." Reeja akatugeukia. "Huyu mimi ndiye niliyemfundisha kushika sindano. Alikuwa anafumba macho."

"Macho nilifumba siku moja tu."

"Wiki nzima. Mgonjwa ndiye alikuwa anakuelekeza."

Wakacheka. Lakini baadaye, wakati wa chai, nilimsikia akimweleza Tessy kwa sauti ya chini. Kwa miaka kumi na saba amefundisha wasichana wasiopungua thelathini. Wanakaa mwaka, wanakaa miaka miwili, wanakwenda. Kila Krismasi wanamtumia picha za theluji. Yeye alibaki kwanza kwa ajili ya mtoto mdogo, kisha kwa ajili ya mama mkwe, kisha kwa kuzoea tu. Sasa mtoto yuko bweni, mama mkwe amezikwa, na hospitali imemwambia wodi yake itaunganishwa na ya wanawake chini ya mkuu mwingine. "Nataka nijue kama ningeweza," alisema. "Nikiikosa hii sitajua tena."

Kwa mikono hakuna aliyemfikia. Alinifunga kipimo cha presha sikuhisi. Alinigeuza upande mmoja peke yake, mimi na kilo zangu themanini, na mgongo haukulalamika. Tessy alikuwa anaandika alama huku anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha Reeja akafungua mdomo.

"Amekula asubuhi?" aliuliza.

Alikuwa anauliza kiti. Kulikuwa na kiti kitupu karibu na kichwa changu, na yeye aliinama kidogo kukielekea, kwa heshima zote.

"Sista," nikasema, "mimi niko hapa."

"Ndiyo, tulia tulia," akanijibu bila kunitazama. "Dawa zake za nyumbani umekuja nazo?" Hilo nalo aliuliza kiti.

Anu alikuwa ameuma ukingo wa shali yake asicheke.

Asiyewahi kulazwa hospitali za kwetu hawezi kuelewa. Huku hakuna mgonjwa anayelazwa peke yake. Lazima awe na mtu wa pembeni: mke, kaka, shemeji, jirani akikosekana ndugu. Huyo analala chini ya kitanda, ananunua dawa, analeta uji, anamshika mgonjwa akienda chooni. Kwa hiyo muuguzi anaongea na huyo. Mgonjwa ni kama mzigo ambao mwenyewe amesimama karibu. Na habari ikiwa mbaya anaambiwa mtu wa pembeni kwanza, halafu ndugu wanakaa kuamua kama mgonjwa aambiwe au asiambiwe. Mara nyingi haambiwi. Wote wanaona ndiyo huruma.

"Kule hakuna mtu wa pembeni," Tessy akamwambia. "Kule ndugu anakuja saa nane na maua, saa tisa ameondoka. Unaongea na mgonjwa. Unamwambia jina lako, unamuuliza angependa umwite nani, unaomba ruhusa kabla ya kumgusa."

"Niombe ruhusa ya kumpima homa?"

"Ndiyo."

"Akikataa?"

"Amekataa."

Reeja akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kule watu wanalala juu ya miti.

Wiki nzima ya kwanza ilikwenda hivyo. Tessy alikiondoa kiti. Reeja akaanza kuongea na mlango, kama vile shemeji yangu ametoka kwenda kununua dawa atarudi sasa hivi. Tessy akafunga mlango. Reeja akaongea na Tessy.

"Dada, bado dirisha," Anu alimwambia. "Dirisha hujalisalimia."

"Wewe nyamaza. Ulikuwa unafumba macho."

Alicheka naye, lakini wiki ya pili aliacha kucheka. Alijua anachotakiwa kufanya. Aliandika kwenye daftari, alikariri, akifika kitandani shingo inageuka yenyewe. Mimi sikumsaidia. Nitasema ukweli: nilikuwa naona raha. Kila aliposema "huyu" akimaanisha mimi, nilijisemea moyoni, endelea, mama, endelea hivyo hivyo, utaiona Ireland kwenye kalenda.

Alhamisi, siku mbili kabla ya usaili, alikosea tena tangu mwanzo. Akavua glavu, akazikunja, akaziweka kwenye trei.

"Mwalimu, asante. Nafikiri niishie hapa. Waende wasichana."

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa miaka kumi na saba."

Tessy akatazama saa akasema watu waende kula, ndizi za kukaanga zimeletwa. Wakatoka. Reeja akabaki anapanga vitu vyake kwenye mfuko. Mimi nikabaki kitandani kwa sababu kunyanyuka kwangu kunachukua muda.

"Sista Reeja," nikasema. "Mwaka ule wa mafuriko, wodi ya wanaume, kitanda namba kumi na moja. Unakumbuka?"

Akafikiri, mkono ndani ya mfuko. "Kumi na moja. Mgema mpira. Uti wa mgongo, pingili mbili za chini. Wiki tano. Alikuwa na mzio wa dawa moja ya maumivu, tukambadilishia."

"Huyo huyo."

"Wewe unamjuaje? Shemeji yake alikuwa Paili, yule wa masharubu. Mtu mzuri sana. Kila siku alikuwa anatuletea fenesi. Alikuwa na mtoto anasoma ufundi bomba."

"Paili ni kaka wa mke wangu."

Akautoa mkono kwenye mfuko.

"Mzio ni wangu," nikasema. "Na mgongo. Ulinifunga bandeji wiki tano na hapa umenipapasa siku kumi na mbili, na masharubu ya Paili unayakumbuka."

Akakaa kwenye ukingo wa benchi. Nilidhani atajitetea. Hakujitetea. Alikuwa ananitazama usoni, na ulikuwa uso wa mtu anayetafuta kitu mahali anapojua kilikuwepo.

Basi nikamwambia yaliyobaki, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza. Wiki ya tatu daktari alisema sitagema tena. Alimwambia Paili kwenye korido, na Reeja akiwa pale. Paili akamwambia mke wangu. Mke wangu akamwambia padri. Mimi nilikuwa kitandani napiga hesabu ya miti, nani atanishikia miti yangu mia tatu mpaka nirudi. Mimi nikijua naumwa tu. Siku moja akaja mtu wa kijiji cha pili, akakaa, akaniuliza mgongo unaendeleaje, halafu akasema amepita kuniuliza kisu changu cha kugemea, kama nakitoa, kwa kuwa kazi nimeiacha. Ndivyo nilivyojua.

"Paili aliniomba nisiseme," Reeja akasema.

"Najua."

"Aliogopa ungekata tamaa."

"Najua. Sikukata tamaa. Nilimkasirikia mtu wa kisu, mwaka mzima, na hakuwa amenikosea kitu."

Chini kwenye duka la vipuri walikuwa wanajaribu honi. Kisha akavuta benchi karibu, miguu ya benchi ikikwaruza sakafu.

"Na sasa hivi unauma?" akaniuliza.

"Mgongo?"

"Ndiyo. Ukilala hapa kutwa."

Mwaka mzima nimelala pale na wauguzi kama mia wameniuliza kama naumwa, wote wakiuliza ugonjwa ulioandikwa kwenye kadi. Nikamwambia asubuhi hauumi, baada ya chakula cha mchana unaanza kushoto na kushuka mguuni. Akauliza mpaka wapi. Nikamwonyesha. Akauliza nalalia nini nyumbani. Tulizungumza mpaka wengine walipopanda ngazi na mafuta ya ndizi vidoleni, na alikuwa hajatazama mlango hata mara moja. Sikumwambia. Angejua, angeanza kuuangalia.

Jumamosi tulibeba kitanda kwa gari dogo la mizigo mpaka hoteli ya karibu na stendi ya mabasi, maana ukumbi wao ulikuwa na nafasi. Wageni walikuwa wawili: mama mwenye nywele fupi nyeupe aitwaye Nuala, na kijana mrefu aitwaye Fergal ambaye shingo yake ilikuwa imeshaungua na jua. Tessy aliwaeleza kwamba mimi ndiye mgonjwa wao. Nuala akanipa mkono. Kiingereza changu ni cha kitandani. Maneno yote ya maumivu nayajua, ya sokoni siyajui.

Tessy alinitafsiria kadi. Mimi ni dereva wa trekta, sukari imeniharibu macho, majibu yametoka na sitakiwi kuendesha tena. Kila msailiwa ataingia, atanipima sukari, kisha anieleze majibu. Na Fergal atakuwa mtoto wangu, amekaa kitini karibu na kichwa changu.

"Wameweka kiti," nikamwambia Tessy.

"Nimekiona."

"Na mtu juu yake."

"Kaka Kuriako, nimeona. Wewe lala."

Walikuwa tisa. Anu aliingia wa tatu. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wote, alitabasamu, aliomba ruhusa, alinipima bila kunitoboa mara mbili. Kisha Fergal akasema kama kadi yake ilivyomwelekeza: niambie mimi, sista, baba atachanganyikiwa. Anu akamgeukia akamweleza kila kitu, vizuri kabisa, hatua kwa hatua, na alipomaliza akanipiga piga bega. Niliona kalamu ya Nuala ikisimama.

Wengine watatu walifanya hivyo hivyo. Huwezi kuwalaumu. Weka ndugu karibu na kitanda huku kwetu na muuguzi anajua aongee na nani.

Reeja aliingia wa nane. Akasema jina lake. Akaniuliza ningependa aniite nani. Kadi ilisema mimi ni Bwana Murphy.

"Kuriako," nikasema.

Nuala akaandika kitu. Reeja akaomba ruhusa ya kunipima, akanipima, akafuta kidole changu na pamba. Kisha Fergal akasogea mbele na kusema maneno yake.

Shingo ya Reeja ikaanza kugeuka. Nilikuwa karibu kuliko wote, niliona mshipa. Ikafika nusu ya njia. Ikasimama hapo muda ambao ungetosha kumeza mate, kisha ikarudi.

"Bwana Kuriako," akasema, "kijana wako anataka nizungumze naye. Wewe unataka nini?"

Kadi yangu ilisema nijibu: vyovyote unavyoona, sista. Ni jibu la kumrahisishia kazi. Wote waliotangulia hawakufika hata hapo pa kuuliza.

"Mimi kwanza," nikasema. "Yeye atoke."

Fergal akabisha, kwa sauti ya mtoto mwenye haki. Reeja hakugombana naye. Alimwambia atamfuata nje baada ya muda mfupi, kama baba ataruhusu, na akangoja akiwa amesimama mpaka kijana wa watu akanyanyuka na kwenda kusimama karibu na mapazia. Kisha akakaa kwenye kile kiti, macho yake yakawa sawa na yangu.

Akaniambia. Macho yako yameharibika kwa sukari. Kwa hali hii huwezi kuendesha trekta tena. Pole. Nitakuwa hapa ukitaka kuuliza.

Halafu akanyamaza. Nilitakiwa kuuliza, sasa nitafanya kazi gani? Ilikuwa kwenye kadi, na nilikuwa nimeshauliza mara saba tangu asubuhi. Sikuweza. Nilikuwa nafikiri: kumbe ni hivyo tu. Maneno machache, mtu amekaa, haikufika hata dakika mbili. Watu wangapi wazima walishindwa jambo hilo kwa wiki mbili, wakanizunguka kitandani na mafenesi yao.

Reeja hakunisukuma. Hakujaza ule ukimya kwa maneno ya faraja. Alikaa tu, mikono magotini, mpaka Nuala mwenyewe aliposema kwa upole kwamba muda umekwisha.

Nje kwenye ngazi alinikabili. "Kwa nini umesema atoke? Mwalimu anasema haimo kwenye kadi."

"Haimo."

"Ungeweza kuniharibia."

"Ningeweza."

"Na jina?"

"Mimi siitwi Murphy."

Alitaka kukasirika, nikaona anashindwa. "Mtu mbaya wewe," akasema, akaenda kutafuta chai.

Majibu yalikuja Jumanne kwenye simu ya Tessy, wakati wa habari za asubuhi. Alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea masharti ya Ghuba. Watano, na Reeja alikuwa jina la nne. Anu hakuwemo. Akasema yeye ana miaka ishirini na minne, ndege zitaendelea kuruka, na akauliza kama Ujerumani bado wanataka lugha ile ngumu. Tessy akamwambia bado.

Reeja alikuja mchana akiwa na sare yake, mara hii amevaa. Alikuwa ameshaambiwa kwa simu. Alimshukuru Tessy, akakumbatiana na Anu, na Anu akamwambia asisahau kuleta picha ya theluji. Kisha akaja kwangu, akasimama karibu na kitanda. Nilikuwa na kifafa siku hiyo.

"Nina miezi mitatu ya kumalizia pale hospitali," akasema. "Jana nimejaribu kule kwetu."

"Kujaribu nini?"

"Kuongea na mgonjwa. Kitanda cha nne, mzee mmoja wa henia, mkewe amekaa pembeni. Nikampita mke, nikamwinamia mzee, nikamwita kwa jina lake, nikamwambia naitwa Reeja, kesho atafanyiwa upasuaji mdogo, je, ana la kuuliza."

"Akasemaje?"

"Akaanza kulia."

"Kwa furaha?"

"Furaha gani, Kaka Kuriako. Alidhani anakufa. Anasema hajawahi kuona sista akiongea na mgonjwa mwenyewe isipokuwa mambo yamekwisha. Mke naye akaanza. Wakaita padri kwa simu."

Anu alikuwa amejishika tumbo. Hata mimi, ambaye si mtu wa kucheka, nililazimika kutazama dari.

"Ukafanya nini?" nikauliza.

"Ningefanya nini? Nikakaa naye. Nikamweleza tena, na tena, mpaka akaamini kwamba hafi. Imechukua zamu yote." Akaweka mfuko wake chini. "Leo asubuhi nimepita, ananiuliza atakula nini baada ya upasuaji. Ameniuliza mimi, mke akiwa pale pale."

Tessy akapiga makofi kutuita kwenye somo, na Reeja akashuka ngazi kuwahi zamu yake ya mchana.